Tufume Mvua Yetu

Lugha ya Kiswahili imetutangulia katika jambo hili. Joto hupimwa kwa nyuzi, na nguo hufumwa kwa nyuzi; mwanafunzi aandikaye ubaoni nyuzi 31 za Sentigredi hutumia neno lile lile alitumialo mfumaji. Kukutana huko kwa maneno si hoja ya sayansi, nakiri, lakini ndiko kulikonitia moyo nilipoanza kufikiri kwamba takwimu za hali ya hewa zingefaa kufumwa shuleni.

Kazi hiyo imekwisha kufanywa kwingine. Mwaka 2017 Ellie Highwood, mtaalamu wa tabianchi wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, alionyesha blanketi alilolifuma kwa kroshia, ambalo kila mstari wake ulikuwa wastani wa joto la dunia kwa mwaka mmoja. Mwaka uliofuata, 2018, mwenzake Ed Hawkins akatoa ile michoro ya mistari ya buluu na nyekundu inayojulikana sasa pote ulimwenguni. Yaani blanketi lilitangulia mchoro. Huko Marekani, msanii Nathalie Miebach husuka takwimu za dhoruba kwa ufundi wa vikapu.

Yamkini mwalimu wa kwetu akivutiwa na habari hizi ataanza kwa kuiga joto. Naona atakosea. Kule Uingereza baridi na kiangazi hupishana sana, hata nguo ya mwaka mmoja tu huwa na sura. Dar es Salaam, wastani wa mwezi wenye joto kuliko yote na ule wenye baridi kuliko yote hupitana kwa nyuzi nne hivi tu. Nguo ya namna hiyo itatoka karibu na rangi moja, na wanafunzi watachoka kabla ya Juni. Jambo linalogawa mwaka wetu wa pwani ni mvua. Aprili hupata kwa wastani zaidi ya milimita 200, na Julai haifikii hata 50. Basi tufume mvua.

Vifaa ni vichache: kipima mvua, kiunzi cha mbao chenye misumari, na uzi wa pamba. Nyuzi za mtande huvutwa kwa urefu, na kila siku mshindio hupitishwa mpaka ufumaji uongezeke nusu sentimita. Kwa siku 365 nguo itakuwa na sentimita 182 na nusu, ambazo ni takriban pima moja ya mtu mzima. Mvua isomwe saa 3 asubuhi kila siku, kama vituo vyetu vya hali ya hewa vifanyavyo. Siku kavu ipewe hudhurungi. Mvua isiyofika milimita 5, buluu ya mbingu. 5 hadi 20, buluu iliyokoza. Zaidi ya 20 hadi 50, zambarau. Na zaidi ya 50, nyeusi. Mwanafunzi akumbuke kwamba milimita moja ni lita moja ya maji juu ya kila mita moja ya mraba. Akikumbuka hivyo, mstari mweusi hautakuwa pambo tena. Ataona kwa nini korongo la nyuma ya shule lilifurika.

Vipimo hivyo vya rangi viamuliwe kabla ya tone la kwanza, wala visiguswe mpaka mwaka uishe. Anayebadili ngazi za rangi katikati ya masika ili nguo ipendeze ameacha sayansi, na sidhani kwamba sanaa itamshukuru.

Hapa sina budi kueleza kosa lililotokea katika darasa langu mwenyewe. Tulifuma vizuri tangu Januari. Ikaja likizo ya Aprili, na hakuna aliyebaki shuleni kusoma kipima mvua. Tuliporudi, wanafunzi walijaza siku zile zote kwa hudhurungi. Nguo ikapendeza sana, nasi tukaitundika ukutani. Mgeni mmoja, mkulima asiyejua kusoma grafu, aliitazama kitambo kisha akauliza: mwaka huu masika yalikatika lini, mbona shamba langu lilikuwa matope? Ilinibidi nikiri kwamba tumeandika ukame ambao haukuwapo. Kutopima si sawa na sifuri. Tangu hapo siku isiyopimwa huwekewa uzi mweupe usiotiwa rangi, na hakuna anayeruhusiwa kuuonea haya.

Wako watakaosema kwamba daftari linatosha. Nimeona daftari la mvua la miaka mingi likiliwa na mchwa kabatini pasipo mtu kujua, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akilifungua. Nguo iliyo ukutani hutazamwa kila siku, na hata mkulima huyo aliweza kuihoji. Lakini daftari lisiachwe, maana rangi nayo hudanganya: mwanga wa jua huvunjavunja chembe za rangi, na zambarau ya mwaka huu ikikaa dirishani yaweza kusomwa mwakani kama buluu. Fungu dogo la kila uzi lihifadhiwe gizani, ndani ya bahasha, pamoja na karatasi ya vipimo, ili kila mwaka nguo ilinganishwe nalo.

Nguo yetu ya pili imefika mwezi wa Mei. Ina nyuzi nyeupe tisa.