Kivu: Nani alisema mkimbizi hahitaji sinema?

Katika vikao vya misaada, kutoka Goma hadi Uvira, kuna neno moja linalorudi kila mara: mkimbizi anahitaji unga, maharagwe, hema na dawa; mambo ya sinema yatakuja baadaye, vita vikiisha. Wanaolisema si watu wabaya. Wengi wao wakitoka kikaoni wanarudi nyumbani, wanakula, kisha wanafungua kompyuta na kuangalia filamu kabla ya kulala. Hakuna anayewaambia wasubiri vita viishe.

Neno hilo lipingwe, na si kwa kudharau unga. Mama ambaye watoto wake wamelala njaa hataulizia sinema. Ubaya ni wazo lililofichwa ndani yake: kwamba mtu aliyekimbia Rutshuru, Masisi au Fizi alikuja na tumbo tu, kichwa alikiacha nyumbani. Na wenyeji waliompokea, ambao nao hawana jumba la sinema la kueleweka, wanahesabiwa vilevile.

Anayetaka kujua ukweli aingie saa tisa alasiri katika banda lolote la mbao lenye televisheni, spika mbili na jenereta inayonguruma nje. Kiingilio ni franka mia chache. Ndani ni giza na joto, watu wamebanana kwenye mabenchi, na mlangoni kuna karatasi iliyoandikwa kwa mkono ikitangaza filamu za siku na mechi ya Ulaya ya jioni. Filamu zinatoka kwenye fulashi: za Nigeria, za Wahindi, za kung-fu, na za Wamarekani zenye risasi nyingi. Baadhi zimepitia Tanzania au Kenya, kwa hiyo juu yake kuna sauti ya mtu anayeeleza kwa Kiswahili, anayeongeza utani wake na mara nyingine kugeuza hadithi nzima. Kuna wanaompenda huyo kuliko waigizaji wenyewe.

Mle ndani kila mtu ni mchambuzi. Kanuni ya kwanza inajulikana hata na watoto wadogo: akteri hafi. Lakini mtoto aliyetembea kwa miguu kutoka Kitshanga au Bunagana hakubali kila kitu. Atasema huyo Mmarekani amepiga risasi mia bila kubadilisha magazini. Atasema bomu likianguka karibu namna ile, mtu haondoki polepole na miwani ya jua usoni. Mwingine atamjibu kwamba hii ni filamu, si Sake, anyamaze waangalie. Halafu linakuja swali lililo zito zaidi: kwa nini wale wanakijiji wanaokufa nyuma ya akteri hawana hata majina? Swali hilo halihitaji diploma. Anayeuliza anajua jibu linavyouma, maana yeye mwenyewe amewahi kuwa mwanakijiji wa nyuma.

Mabanda haya yana makosa yake, na wazazi hawakosei wanapolalamika. Watoto wanakimbia shule kwa ajili yake. Usiku kuna wanaoonyesha filamu za utupu. Hayo yakatazwe, na viongozi wa kata wana uwezo wa kuyakataza. Ila wizi unapozidi mtaani, ni rahisi sana kufunga banda kuliko kumtafuta mwizi, na banda likifungwa vijana wanabaki barabarani, mahali ambapo wenye bunduki nao wanatafuta vijana.

Upande mwingine kuna sinema ya mashirika. Katika makambi ya pembeni ya Goma kama Kanyaruchinya, Rusayo na Bulengo, kabla hayajavunjwa mwanzoni mwa mwaka 2025, na katika makambi mengine ya mashariki, skrini ilipofika ilikuja na somo. Gari linasimama, shuka jeupe linafungwa, watoto wanajaa mbele. Filamu inahusu kunawa mikono, kipindupindu, Ebola, ubakaji. Ni mambo ya maana, kipindupindu kinaua kweli. Lakini filamu ikiisha, mwenye kipaza sauti anauliza: mmejifunza nini? Na watu wanamjibu kile anachotaka kusikia, kwa sababu hakuna anayependa kugombana na watu wa gari kabla ya orodha ya msaada. Kama filamu ilikuwa nzuri au mbaya, kama yule mama ndani yake alisema jambo ambalo mama wa Masisi hawezi kulisema hata siku moja, hayo hayaulizwi. Watu wanaangalia sinema kama wagonjwa wanaomeza kidonge.

Tabia hiyo ina mizizi. Mwaka 1945 utawala wa Wabelgiji ulikataza Wakongomani kuona filamu ambazo hazikupitishwa kwa ajili yao. Mapadri walitengeneza filamu walizoona zinawafaa. Maarufu ni zile za kuchekesha za Matamata na Pilipili, kazi ya Padri Albert Van Haelst kule Kasai katika miaka ya 1950. Mzungu achague, Mkongomani acheke na achukue fundisho. Hata hivyo vijana wa Léopoldville walioziona filamu za makauboi walifanya walivyotaka: walijiita Bills kwa jina la Buffalo Bill, wakavaa kama makauboi, wakatunga na lugha yao wenyewe. Miaka imepita, Wabelgiji waliondoka 1960, na bado kuna mtu anayekaa ofisini akiamua filamu ipi inamfaa mkimbizi.

Jambo linakuwa baya zaidi filamu inapokuwa imepigwa hapahapa. Kwa muda wa miaka zaidi ya 20, watu wenye kamera wamepanda na kushuka milima ya Kivu. Wamepiga picha za vidonda, za mahema, za akina mama wanaolia. Filamu zimetoka, zimepata tuzo, zimeonyeshwa Brussels, Paris na New York. Aliyelia hajaona filamu.

Kwa mfano, L'homme qui répare les femmes ya Thierry Michel na Colette Braeckman, ya mwaka 2015, inahusu Daktari Denis Mukwege na wanawake wanaotibiwa Panzi. Wanawake hao wanatoa ushahidi kwa lugha zao, Kiswahili kikiwemo. Mwezi wa Septemba 2015 serikali ya Kinshasa iliizuia filamu hiyo nchini. Waziri wa mawasiliano wa wakati huo, Lambert Mende, alidai kwamba maneno ya wanawake yalitafsiriwa vibaya ili kulichafua jeshi. Oktoba, baada ya kelele nyingi, zuio likaondolewa. Ugomvi huo unafaa kutazamwa upya kwa utulivu. Watu wa Kinshasa na watu wa Ulaya walibishana juu ya kile ambacho wanawake wa Kivu walikisema kwa lugha za Kivu. Wanaozielewa lugha hizo wapo, wamejaa Bukavu, Kabare, Kalehe na Walungu. Wangekaa saa mbili mbele ya skrini na kusema tafsiri ni ya kweli au ni ya uongo, na jambo lingeisha. Walikuwa wa mwisho kuulizwa.

Virunga ya mwaka 2014, filamu ya Mwingereza Orlando von Einsiedel, ilifika hadi kuwania Oscar. Walinzi wa hifadhi kule Rumangabo, gorila, ugomvi wa mafuta ya petroli, vita vya 2012: yote yamo. Mtu wa Rutshuru angetambua ndani yake milima yake. Lakini filamu iko Netflix, na Netflix inadai kadi ya benki na megabaiti. Mkimbizi ana simu ndogo ambayo betri yake inachajiwa kwa jirani, kwa malipo.

Ila inayopaswa kufika kuliko zote ni ya Mkongomani, mtoto wa Kisangani, Dieudo Hamadi. Inaitwa En route pour le milliard, ya mwaka 2020. Mwezi wa Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana kwa siku sita ndani ya Kisangani, mji usio wao. Raia waliuawa kwa mamia, wengine walikatwa miguu na mikono. Filamu inawafuata waliopona. Mwaka 2018, wakiwa na magongo na miguu ya bandia, wanapanda boti na kushuka mtoni hadi Kinshasa kudai fidia, kwa sababu miaka 18 imepita na hakuna aliyewasikiliza. Wanafika mji mkuu wakati wa uchaguzi. Milango haifunguki. Hawaachi.

Cannes iliichagua mwaka huo, filamu ya kwanza ya Kongo kuingia katika uteuzi wake rasmi, ingawa korona ilizuia festivali yenyewe. Sifa hiyo ni nzuri, lakini kwa familia iliyokimbia Masisi kuna kitu kingine ndani yake. Watu hawa hawalii mbele ya kamera ili wahurumiwe. Wanabishana wao kwa wao, wanagombana juu ya pesa za safari, wanaimba, wanacheza maigizo juu ya yaliyowapata. Kamera inakaa nao bila kuwapamba. Ni waathirika waliojipanga, wenye chama na orodha ya majina. Na kesi haikuishia kwenye filamu: tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325, na malipo ya kwanza ya dola milioni 65 yaliingia mwaka huohuo. Ugomvi wa sasa ni pesa hizo zinawafikia akina nani.

Mtu wa Kivu akiiona atauliza mara moja: na majina yetu yanaandikwa wapi? Nani anahesabu nyumba zilizochomwa? Pengine ndiyo sababu filamu ya kunawa mikono inafika haraka na hii haifiki.

Wala si lazima kila mtu aipende. Kuna atakayeuliza kwa nini waende Kinshasa badala ya Kampala na Kigali. Kuna atakayesema si heshima kumwonyesha mtu mzima akivaa mguu wake wa bandia mbele ya ulimwengu. Mwingine atasema ni heshima kubwa. Yote hayo ni maoni ya kweli na Hamadi mwenyewe angefaidika kuyasikia. Vilevile kwa Augure ya Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, iliyopata tuzo Cannes mwaka 2023. Inaonyesha kijana anayerudi nyumbani kutoka Ubelgiji na familia yake bado inamwona kuwa mchawi, kwa sababu ya alama aliyozaliwa nayo. Ni nzuri kwa macho, rangi zake hazisahauliki, ila mara nyingine inampendeza zaidi mtu wa Brussels kuliko yule ambaye mtoto wa jirani yake amefukuzwa nyumbani kwa kuitwa mchawi. Huyo wa pili ndiye mwenye haki ya kwanza ya kuijadili. Na angeilinganisha na Maman Colonelle, kazi nyingine ya Hamadi, ya mwaka 2017, ambapo Kanali Honorine Munyole wa polisi anawapokea watoto kama hao kule Kisangani, bila rangi na bila ndoto.

Wanaopinga wana hoja moja yenye uzito: usalama. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia makambi ya wakimbizi ya Mugunga na Lac Vert, watu wakafa. Kukusanya mamia ya watu usiku, na taa na kelele, ni kucheza na maisha yao. Basi isiwe usiku, na wasiwe mamia. Darasa lenye madirisha yaliyofunikwa kwa mablanketi linaingiza watu 60 saa nane mchana, na saa kumi kila mmoja yuko kwake. Kuhusu maumivu, ni kweli pia: mwanamke aliyebakwa asikalishwe kwa mshangao mbele ya ushahidi wa ubakaji. Aelezwe kabla filamu inahusu nini, awe huru kutoka, na watoto wasiwepo. Hayo ni mambo ya kupanga. Yasifanywe kisingizio.

Goma inajua kazi hii. Festivali iliyoanza kwa jina la Salaam Kivu, kupitia kituo cha Yole!Africa cha Petna Ndaliko Katondolo, ilizoesha vijana kuona filamu na kuijadili palepale. Ugumu ni kilomita chache kutoka ukumbini hadi kwa mkimbizi, ambazo hazijawahi kuwa fupi.

Gharama si siri. Projekta moja, shuka, spika za kanisa au za shule, lita chache za mafuta ya jenereta, na mtu anayejua Kifaransa na Kiswahili wa kueleza kadiri filamu inavyoendelea, kama mabandani. Mara nyingi kikao kimoja cha hotelini, na chai na sandwichi zake, kinagharimu zaidi. Halafu mwenye kipaza sauti akitoe mkononi, kizunguke, na asiulize watu wamejifunza nini.

Wenye filamu nao wana deni. Kila aliyepiga picha Kivu, Ituri, Tanganyika au Kisangani anajua jina la kijiji alichopiga. Wengi waliahidi kurudi na nakala. Vijiji vingine sasa ni vitupu na watu wake wamelala madarasani na kwa familia zilizowapokea, ila wanajulikana walipo. Wanaosambaza unga wana orodha zao. Nakala moja kwenye diski inatosha, na diski haipiti uzito wa sahani ya maharagwe.