Kulipia ujia wa juu

Alhamisi usiku. Mwenzangu wa chumba anakoroma, mimi niko macho na hasira zangu, na keshokutwa kuna testi ya Saikolojia ya Elimu. Lakini jambo hili lisiponitoka halitaniacha nisome, kwa hiyo wadau mnivumilie.

Kisa chenyewe ni hiki. Mama yangu mdogo anatimiza miaka hamsini mwakani. Anauza vitenge tangu mimi sijazaliwa, na sasa ameamua: yeye na baba mdogo wanakwenda Florence, Italia, siku tano, "na safari hii sitaki shida hata moja." Kwa kuwa nasoma ualimu wa Historia, na kwa kuwa mtandao wa chuo ni wa bure, kazi ya kupanga nimepewa mimi. Ujira wangu ni kompyuta mpya. Hii yangu mnaijua, ukiifunga haiamki mpaka uibembeleze.

Juzi akanitumia mpango alioandikiwa na wakala mmoja wa safari, eti nikague. Gari jeusi kutoka uwanja wa ndege. Hoteli yenye dirisha la kutazama mto Arno. Mwongozaji wao peke yao. Makumbusho bila foleni. Chakula cha jioni juu ya paa. Ununuzi wa dhahabu Ponte Vecchio, na mtu wa kubeba mifuko. Nimesoma mara tatu natafuta sehemu moja tu ambapo mama mdogo atagusana bega na mwenyeji asiyelipwa kumhudumia. Haipo!

Jamani, hii wala si mpya. Mwaka 1565 mtawala wa Florence, Cosimo I wa ukoo wa Medici, alimwagiza Giorgio Vasari amjengee ujia wa juu kutoka Palazzo Vecchio, kwenye serikali yake, uvuke mto juu ya maduka ya daraja la Ponte Vecchio mpaka kwenye jumba lake la Pitti. Ulijengwa kwa miezi mitano hivi. Kazi yake ilikuwa mkubwa atoke kazini afike nyumbani bila kukanyaga barabara wanayokanyaga watu. Darajani wakati huo kulikuwa na wauza nyama. Mwaka 1593 Ferdinando I, mtoto wa huyo huyo Cosimo, akawaondoa kwa sababu ya harufu, akaweka masonara, na masonara wapo mpaka leo. Yaani lile duka la dhahabu analopelekwa mama yangu lipo pale kwa sababu muuza nyama alinuka puani kwa tajiri. Nyie mliokulia jirani na soko, hadithi hiyo haihitaji maelezo.

Ndiyo maana nasema hiyo safari ya anasa ni ujia mwingine wa Vasari. Unatoa mkwanja wote huo ili usikutane na mji uliokwenda kuuona.

Na ubaya ni kwamba vitu vinavyofanya watu wapande ndege kwenda Florence viliwekwa kwa ajili ya walioko chini. Sanamu ya Daudi ya Michelangelo ilisimamishwa mwaka 1504 nje, uwanjani, mbele ya Palazzo Vecchio, ikakaa hapo mpaka mwaka 1873 ilipohamishiwa Accademia. Sanamu ya Perseus ya Cellini bado iko uwanja huo huo, chini ya matao ya Loggia dei Lanzi, hulipi hata senti kuitazama. Kuba la kanisa kuu alilolijenga Brunelleschi kati ya 1420 na 1436, lenye matofali zaidi ya milioni nne, unaliona ukiwa barabarani, na kuingia kanisani ni bure. Unacholipia ni kupanda ngazi 463. Hata hazina za Medici wenyewe, mwaka 1737 Anna Maria Luisa, wa mwisho katika ukoo ule, alifunga mkataba kwamba zisitolewe Florence, ziwe kwa faida ya umma na kuvutia wageni. Babu alijijengea ujia, mjukuu akawafungulia watu mlango. Halafu sisi leo tunalipa ili tufungiwe tena!

Lakini kilichonichefua hasa ni kitu kisichokuwemo kwenye mpango. Kuna jengo linaitwa Ospedale degli Innocenti. Brunelleschi huyo huyo alianza kulijenga mwaka 1419 kwa fedha za chama cha wafanyabiashara wa hariri, na kuanzia mwaka 1445 lilipokea watoto waliotelekezwa, likawalea. Siku hizi lina makumbusho, na ndani yake kuna visanduku vidogo vyenye vipande vya medali. Mzazi alikuwa anaikata medali, nusu inabaki na mtoto, nusu anaondoka nayo, ili siku moja akirudi waweze kutambuana. Sasa mama mdogo, mfanyabiashara wa nguo, aliyelea watoto wanne wasio wa tumbo lake, mimi nikiwa mmojawapo, anapitishwa mbali na nyumba hiyo apelekwe kuchagua bangili?

Nikampigia. Shikamoo, marahaba, nikamwaga hoja zangu zote. Akanyamaza. Kisha akasema: "Wewe mtoto, nimesimama juani miaka ishirini na tatu. Nimesukumwa, nimetukanwa, nimekimbia na mzigo kichwani. Leo unaniambia nikapange foleni Ulaya?"

Wadau, niliishiwa maneno. Nakiri hapo alinipata. Mimi ninayekula bumu sina ubavu wa kumhubiria shida mtu aliyenilipia ada. Kwa hiyo hoja yangu nairekebisha hadharani: foleni haina utukufu wowote. Kitanda kizuri alipie. Tiketi za Uffizi na Accademia zikatwe mapema zikiwa na saa yake, magoti yake yapone. Kupumzika ni haki yake. Ninachokataa ni kuuziwa ukuta tukaambiwa ndiyo heshima.

Manake upande wa pili wa ukuta kuna watu. Tarehe 4 Novemba 1966 mto Arno ulifurika ukaingia maktaba, makanisa na makumbusho. Vijana wa umri wetu, wengi wanafunzi, walitoka nchi mbalimbali wakapokezana vitabu vyenye tope mkono kwa mkono. Waitaliano wakawaita malaika wa tope. Leo kijana kama yule ataishi wapi pale? Nyumba zimegeuzwa za wageni mpaka mwaka 2023 jiji likazuia nyumba mpya za kupangisha kwa siku chache katika mji mkongwe. Mwaka huo huo wanafunzi wa Italia, wakianzia Milan, walilala kwenye mahema nje ya vyuo kulalamikia kodi za vyumba.

Basi nimeandika mpango wangu. Hoteli, siyo nyumba iliyomhamisha mtu. Ngozi zinunuliwe kwa fundi wa Oltrarno, ng'ambo ya mto, siyo dirishani kwa kibosile. Mchana mmoja wale lampredotto kwenye kigari cha barabarani: tumbo la nne la ng'ombe, linachemshwa, linakatwakatwa, linatiwa kwenye mkate. Ni utumbo jamani! Chakula anachokipenda kuliko vyote, na wakala alitaka kumpandisha juu ya paa asikione.

Nimeutuma saa mbili usiku. Amejibu neno moja: "Nimeona." Kompyuta naiona inaota mbawa. Anayeona nimekosea anipinge, ila aje na hoja.

Nyongeza, Ijumaa asubuhi: ameandika tena. "Hiyo nyumba ya watoto iko mbali na hiyo sanamu?" Nimemjibu ni dakika chache tu kwa miguu.