Aendaye Ugogo Asome Kwanza

Hakuna lalamiko linalorudiwa visiwani kama lile la mgeni asiyejua alikofika. Hupita Mji Mkongwe nusu uchi saa ya sala ya Ijumaa, hupiga picha mlangoni mwa watu bila ya hodi, na akirejea kwao hana la kusimulia ila mchanga na jua. Lalamiko hilo ni la haki. Lakini wale wale wenye kulitoa, wakipata safari ya Dodoma, huvaa viatu vya mgeni huyo huyo.

Tangu treni ya umeme ilipofika Dodoma mwaka 2024, mwendo uliokuwa ukila karibu siku nzima kwa basi kutoka Dar es Salaam umekuwa wa saa chache. Wanakwenda wabunge, wafanyabiashara, wanafunzi, hata washairi walioalikwa kughani mbele ya wakubwa. Wakirudi, khabari zao ni tatu: vumbi, zabibu na ombaomba. Juu ya hiyo ya tatu umejengwa mzaha mzima kuhusu Wagogo, na unachekwa barazani na watu wasiopata kusikia neno Mtunya. Hiyo ni njaa ya 1917 hadi 1920, iliyotokana na vita vya Wajerumani na Waingereza. Majeshi yalikula ng'ombe na nafaka za Ugogo, yakawachukua vijana wake kuwa wapagazi, kisha mvua ikakosekana. Kumcheka mtu kwa njaa aliyoletewa mlangoni si ucheshi.

Pwani ina deni la zamani zaidi. Misafara ya Bagamoyo iliyokwenda Tabora na Ujiji ilivuka Marenga Makali, nyika isiyo maji ya kunyweka, ikaingia Ugogo na kutozwa hongo: nguo, shanga, waya. Wajukuu wamelirithi neno hilo kwa maana ya rushwa tu. Hawaulizi kwamba visima vilivyonywewa na mamia ya wapagazi wenye kiu vilichimbwa na nani, katika nchi yenye msimu mmoja wa mvua. Sultani alipotoza ushuru wa forodha bandarini Unguja, nani aliuita rushwa?

La kusikitisha zaidi ni kwamba ujinga huu hauna udhuru. Mathias Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa 1917, alitoa mwaka 1954 kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo. Hakukiandika kwa Kigogo, kwani Mgogo alikuwa na wazee wake wa kumsimulia. Alikiandika kwa Kiswahili. Yaani alimwandikia jirani. Na mtu huyu ndiye anayetajwa kuwa mwasisi wa ngonjera, kinara wa UKUTA, aliyefariki 1969 akiwa ametunga diwani nzima kwa bahari na vina vya pwani. Mshairi wa kisiwani anayekariri ngonjera skuli, kisha akapita Dodoma akisema kwamba huko hakuna utamaduni, anakula chakula na kumtukana mpishi.

Wapo watakaojibu kuwa kusoma kabla ya safari huua ladha, na kwamba jicho litajionea lenyewe. Jicho litaona nini? Tembe, nyumba ya udongo yenye paa bapa, haimo tena mjini. Wengi walihamishwa katika Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, na bati likafuata. Michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, ni mistari myekundu iliyofifia. Asiyeandaliwa huipita akidhani ni kutu ya mawe. Hata jina la mji, ambalo wenyewe husimulia kuwa latokana na tembo aliyezama matopeni, halisomeki kwenye kibao cha stesheni.

Maandalizi yenyewe si mzigo. Sauti ya Hukwe Zawose, na ilimba na zeze lake, imo katika santuri, na mwenyewe alifundisha na kufia Bagamoyo, pale pale misafara ilipoanzia. Salamu ya mbukwenyi hujifunzwa kwa pumzi moja. Lakini hayo hayafanywi. Akina mama wa Kigogo wanapoingia uwanjani na muheme, ngoma zimebanwa mapajani, sauti zikipishana kwa ustadi ambao wataalamu wa muziki huvuka bahari kuja kuusikiliza, mgeni wa pwani jukwaani hutazama saa yake, akamwuliza jirani hotuba zitaanza lini.