Kimursi Arap Nani?

KIKOMBE CHA JUMAMOSI
Na Wesley Chelule

Mwaka 1950 studio ya MGM ya Marekani ilitoa filamu ya rangi iitwayo King Solomon's Mines. Kwenye orodha ya waigizaji wamo Deborah Kerr, Stewart Granger na Richard Carlson, kila mmoja na jina lake na la ukoo. Halafu linakuja jina pweke: Kimursi. Limeongezewa maelezo mafupi kwamba mwenye jina ni wa kabila la Kipsigis.

Basi huyo ni mtu wa huku kwetu. Kama si Belgut ni Bureti, kama si Bureti ni Sotik au Chepalungu. Filamu haisemi zaidi.

Aliyelelewa huku ataona papo hapo kilichopungua. Mtoto wa kiume huitwa Kiprotich, Kipkoech au Kimutai kufuatana na saa au hali aliyozaliwa. Akishatoka jandoni huchukua jina la babake na kuitwa arap fulani. Mwanamume mzima akisimama kwenye baraza na kujitaja kwa jina la utotoni peke yake, wazee watamkatiza: wewe ni wa nani? Watu wa Hollywood ama hawakuuliza, ama waliuliza na hawakuona sababu ya kuandika jibu.

Nayaandika haya kwa sababu filamu za miaka ya arobaini zimerudi midomoni mwa watu. Vijana wenye intaneti wanazitazama, wanabishana kuhusu Orson Welles na John Ford, wanakutajia nani aliongoza nini mwaka gani. Sina ugomvi nao. Mwongozaji ana haki ya kukumbukwa. Lakini sisi wa nchi ya chai tuna sehemu yetu katika sinema ya zama hizo, na hatutaikuta kwenye orodha za waongozaji. Tutaikuta kwa Kimursi.

Kazi ya kuipiga picha filamu hiyo ilianza mwishoni mwa 1949. Msafara ulipita Kenya, Tanganyika, Uganda na Kongo ya Wabelgiji, ukafika hadi maporomoko ya Murchison. Mwongozaji alikuwa Compton Bennett, Mwingereza aliyejipatia sifa kwa The Seventh Veil ya 1945. Bennett hakuifikisha kazi mwisho. Aliyeimalizia ni Andrew Marton, mzaliwa wa Hungary, ambaye baadaye aliongoza mashindano ya magari ya farasi katika Ben-Hur ya 1959. Wote wawili wakaandikwa kuwa waongozaji, kila mtu akapata haki yake. Robert Surtees akatwaa Oscar ya upigaji picha, na wahariri wakatwaa yao. Kwa upande wa kuwagawia sifa watu wake, Hollywood ilikuwa makini sana.

Hadithi yenyewe wengi wenu mnaijua kwa Kiswahili. Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya kitabu cha Rider Haggard cha 1885, ilitoka mwaka 1929 na ikasomwa na vizazi vya wanafunzi Afrika Mashariki. Katika filamu, Kimursi anaigiza Khiva, msaidizi mwaminifu wa mwindaji Allan Quatermain. Wasafiri wanafika kijiji kimoja na kumkuta Mzungu aitwaye Van Brun, mtoro anayejificha asikamatwe. Quatermain anamshika mateka ili watoke hapo salama. Njiani Van Brun anapata upenyo, anafyatua bunduki kumlenga Quatermain, na anayeanguka ni Khiva. Safari inaendelea.

Katika kitabu pia Khiva anakufa. Huko anararuliwa na tembo alipojitosa kumwokoa Kapteni Good. Waandishi wa filamu waliondoa tembo, wakaweka bunduki, wakaongeza mwanamke na mapenzi, wakapindua nusu ya kisa. Kitu ambacho hawakukigusa ni kazi ya Khiva: kufa ili Mzungu apone. Mkipsigis aliyeonwa na watazamaji duniani alipewa kazi hiyo, kisha akaandikwa nusu jina.

Hakuonewa peke yake. Walioigizia sehemu za Rwanda, yaani Siriaque, Baziga na Sekaryongo, nao waliandikwa jina moja moja na kabila. Na ili msiseme kwamba zama zile ndivyo zilivyokuwa, tazameni Italia. Mwaka 1948, mwaka mmoja tu kabla ya msafara wa MGM, Vittorio De Sica alitengeneza filamu kuhusu mtu aliyeibiwa baiskeli. Mhusika mkuu hakuwa mwigizaji, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani. Anaitwa Lamberto Maggiorani. Dunia inalijua jina lake lote, na inajua pia kwamba baada ya filamu alipoteza kazi kiwandani akahangaika. Hata shida zake zimeandikwa. Hakuwa na uzoefu wa kuigiza. Tofauti ni kwamba aliyeshika kamera alimwona kuwa mwananchi mwenzake.

Kwetu Kenya tuna mfano mwingine. Jomo Kenyatta, akiwa mwanafunzi London, alionekana kama mshiriki mdogo katika Sanders of the River, filamu ya Zoltan Korda ya 1935. Tunalijua hilo leo kwa sababu alikuja kuwa rais. Je, asiyekuwa rais atafutwe na nani?

Wakati huohuo serikali ya Uingereza nayo ilikuwa na sinema yake kwa ajili yetu. Colonial Film Unit ilianzishwa London mwaka 1939, ikiongozwa na William Sellers, aliyekuwa amewahi kuonyesha filamu za afya Nigeria. Sellers alikuwa na kanuni zake: picha ikae muda mrefu, kamera isirukeruke, pasiwe na ujanja wowote wa kuhariri, maana Mwafrika, kwa maoni yake, asingeweza kufuata. Wakatengeneza filamu kama Mr English at Home ya 1940, inayofuata siku nzima ya familia moja ya Kiingereza nyumbani kwao. Magari ya sinema yakazunguka makoloni, Kenya ikiwemo, yakiwa na projekta, jenereta na mtu wa kueleza kwa kipaza sauti mambo yanayoonekana.

Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kibanda cha video cha Litein au Silibwet, akimsikiliza DJ Afro akiigeuza filamu ya Kichina kuwa kisa cha mtaani, anajua Sellers alikosea wapi. Watazamaji wa huku hawapokei filamu kama dawa ya hospitali. Wanaibishia, wanaipa majina mapya, wanaifanya yao.

Ushahidi wa zamani upo, tena wa hapahapa. Mwaka 1950, mwaka uleule King Solomon's Mines ilipotoka, Hugh Tracey, mkusanyaji wa nyimbo za Afrika, alifika Kapkatet na mashine yake ya kurekodi. Wasichana wakamwimbia kuhusu Chemirocha. Huyo Chemirocha ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye sahani zake za santuri zilikuwa zimefika huku. Kwa maelezo ya Tracey, walimfikiria kuwa kiumbe nusu mtu nusu paa. Sauti ya mgeni ilitoka kwenye santuri, nao wakaitungia mwili na wimbo. Watu wa namna hiyo ndio Sellers alidhani wangechanganyikiwa kamera ikisogea!

Na tazameni tofauti. Filamu ya MGM haikutungiwa muziki wa okestra. Masikio ya mtazamaji yanajazwa ngoma na nyimbo za Waafrika ambao hatuambiwi ni nani. Tracey, pamoja na udhaifu wake, aliandika mahali, mwaka, na kiongozi wa waimbaji: Chemutoi Ketienya. Mtu anayeandika hivyo anaacha mlango wazi. Ndiyo maana mwaka 2015 maktaba ya Afrika Kusini inayohifadhi rekodi hizo, ikishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi, iliweza kuzirudisha kwa wenyewe baada ya miaka 65. Kulikuwa na jina la kuulizia na kijiji cha kwenda. Nyimbo zilijua njia ya kurudi nyumbani kwa sababu zilikuwa na anwani.

Filamu ya Kimursi haijapata bahati hiyo. Studio yenyewe haikuona tabu kuzitumia tena picha zilizopigwa katika safari ile, mathalani katika Watusi ya 1959. Jasho la msafara ule liliendelea kuingiza pesa miaka mingi baadaye.

Najua nitakayoambiwa. Kwamba mkulima anawaza bonasi, mchuna chai anawaza mashine iliyomnyang'anya kazi, na mimi nimekaa nikiulizia mwigizaji wa zamani. Nitajibu hivi. Wakipsigis na Watalai walipopeleka malalamiko yao ya ardhi kwenye Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu mwaka 2022, walibeba nini? Walibeba kumbukumbu za wazee: nani alikaa wapi, nani alihamishwa, familia gani zilipelekwa Gwassi baada ya sheria ya 1934 ya kuwahamisha Watalai. Malalamiko hayo yalisimama juu ya majina ya watu. Jamii inayozoea kuacha majina yake yaandikwe nusu na wageni itapata taabu siku ikitakiwa kuyataja yote mbele ya mahakimu.

Wengine watasema filamu ile ni ya kikoloni, iachwe ioze. Mimi nasema itazamwe, tena na watoto wetu, tukiwa tumekaa nao. Ni ya kikoloni, ndiyo, na mle ndani yumo mtu wa kwetu aliyefanya kazi kwa ustadi kati ya waigizaji wakubwa wa zama zake. Tukiitupa, tunamtupa naye.

Lifanywe lipi? Jambo lenyewe halihitaji tume wala ziara ya madiwani nje ya nchi. Idara za utamaduni za Kericho na Bomet zichukue picha ya Kimursi kutoka kwenye filamu na kuibandika kwenye ofisi za machifu. Kass FM na Chamgei FM ziitenge saa moja ya jioni, watangazaji waulize kwa Kipsigis: huyu ni wa ukoo gani, alizaa nani, amezikwa wapi? Walimu wa historia katika Chuo Kikuu cha Kabianga wawape wanafunzi kazi hiyo badala ya kuwaachia wanakili tasnifu za wenzao. Jibu likipatikana, liandikwe rasmi, na wenye filamu waombwe kuliongeza popote inapoonyeshwa.

Aliyekuwa kijana wa miaka ishirini mwaka 1949 sasa amepita tisini. Kama kaunti zinataka kuliweka jambo hili katika bajeti ya mwaka ujao wa fedha, zitakuwa zinawaulizia mashahidi makaburini. Redio zinaweza kuanza Jumatatu.