Kuganda na Kuganda

Makala nne kati ya saba za toleo hili zinagombania saa. Plazma iingizwe kwenye friza ndani ya saa 8 tangu mchangiaji atolewe damu, au saa 24 zinatosha? Nimezisoma zote, moja nimeirudia, na kero yangu imezidi kwa kila ukurasa: hakuna hata mwandishi mmoja aliyeuliza friza lenyewe linachukua muda gani kuifanya kazi yake.

Kiswahili nacho kimetutega. Damu inaganda, maji nayo yanaganda. Kitenzi kimoja kwa mambo mawili. Tunaandika kwenye rejista "imegandishwa saa 10 jioni", na maana yake ni kwamba mfuko uliwekwa ndani saa 10. Umeganda lini, rejista haisemi. Katika friza la kugandisha kwa kasi, kiini cha mfuko hushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri kwa muda wa saa moja hivi. Katika yale mafriza ya kawaida ya mfuniko wa juu, ambamo tunapanga mifuko kama magunia ghalani, ni saa nyingi. Barafu huanza pembeni na kusukuma chumvi na protini kuelekea katikati, na faktori VIII, protini ya kugandisha damu, hubaki imebanwa humo, ndani ya maji ya chumvi kali ambayo bado hayajaganda. Inaharibika taratibu huku rejista ikisema tumewahi.

Asubuhi moja, katika benki ya damu ambayo sitaitaja, nilibonyeza mfuko uliowekwa jioni ya jana yake, katikati ya rundo. Ganda gumu kama jiwe. Ndani ukabonyea kama embe bivu. Lebo ilionyesha saa 6 tangu kuchangiwa. Safi kabisa.

Sisemi saa ni bure. Damu ikilala usiku mzima kabla plazma haijatenganishwa, faktori VIII hupungua kwa takriban robo, na mtoto mwenye hemofilia A ndiye anayelipa. Lakini mama anayevuja damu baada ya kujifungua anahitaji fibrinojeni, nayo haitikiswi sana na ucheleweshaji huo. Kutupa plazma ambayo ingemfaa kwa sababu gari lilikwama njiani ni ukali usiomfikiria mgonjwa yeyote. Waandishi wetu wawili wanaoshikilia saa 8 kama msahafu wangetuambia kwanza plazma yao inamwendea nani.

Tunasahau pia kwamba krayo yenyewe ilizaliwa katika kuyeyusha. Judith Pool, pale Stanford, alionyesha mwaka 1964 kwamba plazma iliyogandishwa ikiyeyuka polepole kwenye baridi huacha utando usioyeyuka, ndio krayo, na faktori VIII imejaa humo. Utando huo hukaa vizuri kati ya nyuzi 1 na 6. Acha joto lipande, utayeyuka na kurudi kwenye plazma, nawe utamimina pembeni kile ulichokuwa unakitafuta. Kipimo cha Marekani ni yuniti 80 za faktori VIII kwa mfuko, cha Ulaya 70. Kituo kisichopima hata mifuko michache kila mwezi hakina haki ya kubishana na mtu kuhusu saa, na hapa nakiri nina ajenda yangu: vipimo hivyo nimekuwa nikivililia kwenye kurasa hizi kwa muda mrefu.

Makala ya kundi O, ambalo huwa na faktori VIII pungufu kwa karibu robo ukilinganisha na makundi mengine, iko sahihi na fupi. Ile ya methilini buluu inatukumbusha kwamba kuua virusi hulipiwa kwa faktori. Ya sentrifuji ni ya kiufundi mno. Wenye subira waisome.

Kilichonifurahisha zaidi ni barua ya mtaalamu wa maabara, imewekwa nyuma kabisa kwa makosa yangu. Anafunga mpira kiunoni mwa mfuko kabla ya kuuingiza kwenye friza, kisha anautoa ukishaganda. Kiuno hubaki kimechongeka kwenye barafu. Umeme ukikatika usiku, plazma ikayeyuka na kuganda upya kabla mtu hajafika kazini, kiuno hupotea. Kipimajoto cha ukutani asubuhi kinasoma vizuri, mfuko umenenepa.