Paka anayelia usiku hana jini

Paka jike akilia usiku kucha, akajigaragaza sakafuni na kuinua kiuno kila akiguswa mgongo, wapo wanaosema ana jini, na wapo wanaomtimua kwa fagio. Anataka dume tu! Hali hiyo huchukua kama wiki moja, na asipopandwa hurudi baada ya wiki mbili tatu.

Kama alitoka nje, chukulia kuwa ana mimba. Karibu na wiki ya 3 chuchu huvimba na kuiva rangi. Huzaa baada ya siku 63 hadi 65 hivi. Usimminye tumbo. Muongezee chakula, mtandikie boksi mahali palipotulia. Panadol usimpe kabisa, humuua.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa paka si najisi. Kinyesi chake ni jambo jingine: huweza kubeba vijidudu vya toksoplasma, vinavyodhuru mimba ya mwanamke. Mama mjamzito asishike choo cha paka. Baba akisafishe, tena kila siku, kabla vijidudu havijakomaa.

Lililo baya zaidi ni kutia vitoto kwenye kiroba na kuvitupa jalalani. Na hao ni watu wanaoijua habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa kumfungia paka bila chakula! Kuhusu kumfunga kizazi wanazuoni wametofautiana, na wapo waliojuzisha pasipo na madhara. Muulize sheikh wako, kisha daktari wa mifugo, wala usichelewe: paka hushika mimba nyingine angali ananyonyesha.