Kufunguliwa kwa Shule Ugweno: Fundisho kwa Visiwani na Bara

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Januari, shule za msingi za Tanzania Bara hufungua milango yake, na watoto wa darasa la kwanza huanza safari ndefu ya kutafuta elimu. Jambo hili limezoeleka mno, hata magazeti hulitaja kwa mistari michache tu: shule zimefunguliwa, wazazi wanahimizwa kuwapeleka watoto, basi. Lakini mwenye kutaka kuijua hali halisi ya umma wetu, umoja wake na nyufa zake, hana haja ya kungoja uchaguzi wala mkutano mkuu. Na asimame siku hiyo penye lango la shule ya kijiji, atazame nani amekuja na ana nini mkononi, na nani hakuja.

Leo tunawaomba wasomaji wetu wa Unguja na Pemba watupe macho mbali kidogo, hadi katika milima ya Upare Kaskazini, mahali paitwapo Ugweno, Wilaya ya Mwanga, Mkoa wa Kilimanjaro. Huenda wapo watakaouliza: Ugweno na sisi watu wa bahari tuna nini? Jibu letu ni kwamba tuna mengi.

Ugweno ni nchi ya vilima na migomba, ya kahawa na maharage, iliyoinuka juu ya tambarare kame za Mwanga na Ziwa Jipe. Wenyeji wake walisifika tangu kale kwa ufuaji wa chuma, kazi ya ukoo wa Washana, na walikuwa na dola yao yenye utaratibu muda mrefu kabla ya kuja kwa wakoloni, kama alivyoeleza mwanahistoria Profesa Isaria Kimambo. Dini nazo zilipanda milimani kwa njia mbalimbali. Uislamu ulifuata misafara ya biashara kutoka pwani. Walutheri wa Leipzig walifungua kituo chao Shighatini mwaka 1900. Ama Wakatoliki, njia yao ilipita hapa hapa kwetu. Mapadri wa kwanza walitua mjini Unguja mwaka 1860, na mwaka 1868 Mapadri wa Roho Mtakatifu wakavuka kwenda Bagamoyo. Walifika Kilimanjaro mwaka 1890, na baadaye wakaingia Upare. Mwaka 1963 Same ilitengwa na Jimbo la Moshi, na mwaka 1977 ikawa jimbo kamili. Kwa hiyo, mtoto wa Kigweno anayeketi leo katika darasa la shule ya Kanisa Katoliki ameketi mwisho wa njia iliyoanzia katika vichochoro vya Mji Mkongwe.

Siku ya kufungua shule katika milima hiyo ina desturi zake. Jamaa waliokuja kutoka Dar es Salaam, Tanga na Moshi kwa sikukuu za mwisho wa mwaka wamekwisha rudi makazini, na kijiji kimebaki na wenyewe: akina mama, wazee na watoto. Wazazi hupanda vilima na watoto wao asubuhi mapema, sare zimefuliwa, madaftari yamefungwa katika mfuko. Hukutana na mwalimu mkuu wakaelezwa habari za karo, chakula cha mchana, kuni, maji, na matengenezo ya madarasa. Katika shule ya Kanisa, padri huja kuuombea mwaka mpya wa masomo. Na katika daftari la mahudhurio majina ya Maria na Mwanaisha hufuatana, maana huko Upare si ajabu ndugu wa ukoo mmoja wakawa wengine wa msikitini na wengine wa kanisani, wakazikana na kuozana bila ya kuulizana.

Picha hiyo ni njema, na sisi tunaipongeza. Lakini mwandishi wa mambo ya umma akiishia kwenye pongezi atakuwa hakutimiza wajibu wake. Yapo maswali matatu ambayo kengele ya Januari inayauliza, na viongozi wa Chama na Serikali hawana budi kuyajibu.

Swali la kwanza ni hili: shule hii ni ya nani? Katika zama za ukoloni jibu lilikuwa wazi. Shule ilikuwa mali ya misheni, na mtoto asiye wa misheni aliingia kwa hofu au hakuingia kabisa. Wazazi wengi Waislamu wa Bara waliogopa kuwapoteza watoto wao, wakabaki na chuo cha Kurani peke yake. Matokeo yake ni tofauti ya elimu ambayo taifa lilirithi siku ya Uhuru. Ndiyo maana Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikazitia shule za misheni mikononi mwa umma. Kabla ya hapo, Visiwani, baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, elimu ilitangazwa kuwa bila ya malipo kwa wote tarehe 23 Septemba mwaka huo huo. Kisha likaja Azimio la Musoma la mwaka 1974, na kufikia mwaka 1977 nchi nzima ya Bara ikawa inatekeleza elimu ya msingi kwa wote. Hatua hizo zilikuwa za haki. Asiyezikubali na ajiulize ni watoto wangapi wa wakulima wangebaki nje ya lango.

Hata hivyo, kuanzia miaka ya tisini upepo uligeuka. Mwaka 1995 Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilirekebishwa, mlango ukafunguliwa zaidi kwa watu binafsi na mashirika ya dini kujenga shule, na nyingi katika shule hizo za msingi zikachukua Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia. Hapo ndipo ulipozaliwa utengano mpya. Zamani mlimani palikuwa na shule moja, na mtoto wa mwalimu, wa mkulima na wa mwenye duka wakakaa dawati moja. Leo panaweza kuwa na shule mbili: moja ya karo, ya Kiingereza, yenye walimu wa kutosha na chakula, na nyingine ya umma, ya Kiswahili, yenye darasa lililojaa na paa linalovuja. Hapo hapo lugha ya Kigweno, kama walivyokwisha eleza wataalamu wa lugha, inazidi kupungukiwa na wasemaji. Hatusemi shule za Kanisa zifungwe. Tunasema kwamba mtoto wa maskini asifanywe kuwa shahidi wa neema ya jirani yake. Dawa ya utengano huo ni kuipandisha shule ya umma mpaka mzazi aichague kwa hiari yake, wala si kuishusha ile iliyo njema.

Swali la pili ni la gharama. Kuanzia Januari 2016 Serikali ya Muungano ilianza kutekeleza elimu bila ada Bara mpaka kidato cha nne, na Januari 2018 Rais John Magufuli akapiga marufuku michango ya kulazimisha, kwa sababu palikuwa na watoto waliorudishwa nyumbani kwa kukosa mchango. Alikuwa na haki. Lakini vijiji vingi vililipokea tamko hilo kwa namna isiyo sahihi, wakasema: basi, Serikali itafanya yote. Tuangalie hesabu. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulioanza mwaka 2002 ulipanga ruzuku ya dola 10 za Kimarekani kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, nazo zikawekwa kuwa shilingi 10,000. Hata baada ya mwaka 2016 hesabu iliyotumika ilikuwa ni hiyo hiyo, ilhali shilingi 10,000 za leo hazifiki hata dola tano. Chaki, karatasi za mitihani na matengenezo haviwezi kupatikana kwa fedha iliyopoteza zaidi ya nusu ya thamani yake. Shule ya Kanisa hufidia kwa karo. Shule ya umma itafidia kwa nini?

Hapa Wapare wana neno ambalo twapenda lijulikane Visiwani: msaragambo. Msaragambo ni kazi ya pamoja. Kijiji huitwa, kila kaya ikatoa mtu na jembe lake, wakazibua mfereji, wakatengeneza ndiva ya kuhifadhi maji ya umwagiliaji, wakachonga barabara, wakasomba mawe ya kujengea darasa. Kwa njia hiyo shule nyingi za milimani zilisimama, za Serikali na za dini, na mawe yale hayakuuliza aliyeyabeba ni wa dhehebu gani.

Lakini watu hao hao wa msaragambo ndio waliokusanyika kwa maelfu mjini Same mwaka 1945 kuipinga kodi ya mbiru, na akina mama wakasimama pamoja na waume zao, mpaka serikali ya kikoloni ikalazimika kuiondoa. Je, walikuwa wavivu wa kutoa? Hata kidogo. Walichokataa ni kukadiriwa mali zao kwa njia wasiyoielewa, na bila ya kushauriwa. Basi fundisho ni hili: watu walewale waliobeba mawe bila ya ujira ndio waliokataa kodi isiyoelezwa. Mwananchi hachoki kutoa, huchoka kufichwa. Ofisa anayekwenda kwenye mkutano wa wazazi na orodha ya michango iliyokwisha andikwa ofisini anafufua mbiru. Anayekwenda na hesabu za shule mkononi, akaonyesha kilichoingia, kilichotumika na kilichopungua, kisha akauliza tufanye nini, huyo anaita msaragambo. Tofauti ni ndogo kwa maneno, lakini ni kubwa kwa matokeo.

Swali la tatu ni la dini, nasi hatutalikwepa. Mwandishi wa safu hii alifundishwa alifu na be chuoni, akiwa amekaa juu ya mkeka, kisha akasoma skuli ya Serikali. Anaijua hofu ya mzazi Mwislamu anayempeleka mwanawe kwenye shule yenye msalaba juu ya mlango, na anaijua pia heshima ya mwalimu wa chuo ambaye hakuwahi kutuambia kwamba elimu ya skuli ni adui wa imani yetu. Katiba ya mwaka 1977 imekwisha kata shauri. Ibara ya 11 inampa mtu haki ya kujielimisha, na Ibara ya 19 inamlinda katika uhuru wa imani. Kwa hiyo, shule ya Kanisa inayompokea mtoto wa Kiislamu imepokea amana pamoja na karo. Haifai kumlazimisha kuhudhuria ibada isiyo yake. Ni wajibu kumwachia nafasi ya kufunga Ramadhani na kwenda sala ya Ijumaa. Kwa upande wa pili, haifai kwetu kuwashuku walimu waliojitolea maisha yao milimani, mahali ambapo wengi waliopangiwa na Serikali huomba uhamisho kabla ya kumaliza mwaka wa kwanza.

Sasa tunasema nini kwa wahusika? Kwanza, wakurugenzi wa halmashauri za milimani, Mwanga na Same, watazame upya ugawaji wa walimu, na nyumba ya mwalimu ihesabiwe kuwa sehemu ya darasa. Maana mwalimu asiye na pa kulala hana pa kufundishia. Pili, kiwango cha ruzuku kwa mwanafunzi kipimwe kwa bei za leo badala ya zile za mwaka 2002. Tatu, hesabu za kila shule ya umma zibandikwe ukutani, na michango ya hiari ipitishwe na mkutano wa kijiji wenyewe. Nne, Kanisa litenge nafasi kwa watoto wa kaya maskini walio jirani, wa dini zote, kwani ardhi na mawe ya vituo vingi vya zamani vilitoka katika mikono ya wazee wao.

Na kwa ndugu zetu wa Visiwani tuna neno. Elimu ya msingi si jambo la Muungano, na kila upande una wizara yake. Lakini Sera ya Elimu ya Bara, toleo la mwaka 2023, imechukua elimu ya msingi ya miaka sita, njia ambayo sisi tumekwisha tangulia kuipita, na matatizo yake tunayajua. Tuwape wenzetu uzoefu wetu. Nasi tuwaazime msaragambo, kwa kuwa skuli zetu nazo zina vyumba vinavyongoja mikono, na desturi ya kujitolea iliyojenga mengi baada ya Mapinduzi imeanza kusinzia.

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mtoto wa Ugweno aliyepanda kilima Januari hii akiwa na daftari mkononi hajui habari za nyaraka, ruzuku wala marekebisho ya sheria. Anachojua ni kama dawati lipo, kama mwalimu amekuja, na kama mwenziwe aliyecheza naye jana yumo darasani pamoja naye au ameachwa nje ya lango. Kwa mambo hayo matatu atatuhukumu sote, wa milimani na wa visiwani, siku atakapokuwa mtu mzima na kalamu ikawa mkononi mwake.